Usingizi wa Pono

Kazi yangu ilikuwa kamba.
Mvuto mmoja: niko salama. Miwili: shusha taa.
Mitatu ni hatari, na mitatu niliipata mara moja tu,
usiku, nje ya mwamba wa Nyali.
Nitafika huko.

Kasha la kamera alilichonga Hasmukh wa Makadara,
fundi wa saa na cherehani,
kwa bati la ndege iliyofia Port Reitz,
kioo cha saa ya ukutani
na mpira wa sufuria ya mvuke.
Mamake Swafiya aliutafuta mpira ule wiki nzima,
akamtukana paka.

Filamu ya kwanza ilirudi kutoka ng'ambo
baada ya miezi mitatu, nyeusi kama kaniki.
Ya pili ilikunywa maji.
Ya tatu ina mguu wangu.
Ami yake akaja juu: mwanamke kuzamia!
Na buibui utaliacha wapi?
Akamjibu: kwako, nishikie.

Alikuwa na swali moja, la chuoni Kibokoni,
siku aliyosinzia juu ya juzuu,
mwalimu akamwamsha kwa henzirani:
Walala usingizi wa pono?
Naye, miaka saba, macho mazito:
Nani alimwona pono akilala?
Akala fimbo mbili, ya usingizi na ya swali.
Ya pili, aliniambia, haikupoa.

Basi usiku ule. Uhuru ulikuwa bado wanukia rangi mbichi.
Betri ya lori juu, mapajani mwangu,
waya chini, taa imezibwa kwa lami.
Dakika kumi. Kumi na tano.
Kamba imelala mkononi kama si ya mtu.
Nikaanza Yasini, nikaisahau katikati, nikaanza tena.
Ndipo: moja, mbili, tatu.
Nilivuta hadi viganja vikachubuka,
akaibuka anacheka, meno yamtetemeka:
Nimesahau hesabu! Yuwalala, Bahero!
Yuwalala ndani ya chandarua!

Tulitundika shuka uani Kuze.
Mashine tuliazima kwa watu wa Afya,
ilizoea kuonyesha mbu na vyoo.
Akatokea pono, kijani cha kasuku, waridi wa ufizi,
amejifunga utando wa mate yake mwenyewe,
mwangavu, unatuna, unanywea,
jicho wazi lisiloona.
Watu kimya. Mtoto mmoja akanong'ona, asiamshwe.
Msengwa, muuza samaki wa Marikiti, akasema:
Huyu ndiye ninayemkata kichwa?
Hakuna aliyemjibu.
Mwalimu alikuwa nyuma, kwenye kiti cha kamba.
Aliondoka kabla taa haijawashwa.

Mengine yalifuata, miaka thelathini ya mengine:
mkunga akisafishwa meno na kamba wadogo,
pweza akibadili rangi kuliko mbunge,
wageni wenye mitambo mikubwa
walioandika jina lake mwishoni, kwa herufi ndogo,
Sofia.
Sikio la kushoto alilizika huko chini.
Kisha bahari ikapata homa,
matumbawe yakawa meupe kama meno ya kununua.
Hayo pia aliyapiga, kila mwamba,
akapanda mashuani, hakusema neno hadi Kilindini.

Siku hizi chumba chake chanuka siki.
Nilidhani achari; nikainamia uvunguni:
makopo ya biskuti, na ndani filamu zimejikunja,
zimechacha. Ndivyo zifavyo, alisema,
usizipe jua. Lile la pono lifunike vizuri.

Adhuhuri hulala.
Chandarua kinatuna, kinanywea.
Watoto wa jirani wakipiga kelele nawafukuza kwa mkono.
Kamba haipo tena,
nimeshika upindo wa chandarua kwa vidole viwili,
bila kuvuta,
naungoja mmoja.